Safari ya Wiki Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Kliniki. Nesi kachora ukoo wetu kwenye karatasi — mraba kwa wanaume, duara kwa wanawake. Waliougua saratani ya utumbo anawapaka wino. Bibi mzaa baba, mweusi. Baba, mweusi. Akauliza baba alianza kuugua akiwa na miaka mingapi. Nikasema hamsini na nne, maana ndio umri aliotutoka nao. Hakuna mkubwa wa kuthibitisha? Dada yupo, nikasema, ila hana jipya. Nimpigie anisomeshe habari za baba yangu mwenyewe? Kipimo nianze nikifika arobaini. Nina thelathini na nane. Muda upo.

Jumatano, 6 Machi
Dada kapita kiwandani, mashine zinachapa, mikono yangu wino mtupu. Amevaa saa ya baba. Anaivaa makusudi, najua. Yeye kaachiwa saa, mimi nikaachiwa nasaha. Hata ile safari ya miaka kumi na tano iliyopita! Baba kamchukua yeye, wakaenda "kutembea" wiki tatu, mimi nikabaki na mitihani ya chuo. Hawakuniletea hata pipi. Mpaka leo roho inaniuma.

Jumapili, 10 Machi
Nimeropoka. Tuko mezani kwa dada, nikajigamba kwamba habari za baba nimeshaziandikisha kliniki, bila msaada wa mtu. Dada akauliza, umeandika aliugua na miaka mingapi? Nikamwambia. Akaweka kijiko chini.
"Arobaini na nane, mdogo wangu. Ile safari ilikuwa hospitali. Walimkata utumbo. Alisema usiambiwe, usije ukafeli."
Wiki tatu kalala sakafuni kando ya kitanda cha baba. Na mimi nikamwonea kijicho miaka yote hii.
Hapa hasomi mtu, niseme kweli: bado namwonea. Baba alimtaka yeye.

Jumatatu, 11 Machi
Nesi kafuta, kaandika upya. Kwa ukoo kama wetu, unaanza kupimwa ukifika arobaini, au miaka kumi kabla ya umri ambao mzazi aliugua, lolote litakalotangulia. Kwangu ni mwaka huu. Dada kachelewa miaka mitano. Nikampigia. Akasema anaona damu chooni tangu Desemba. Hajamwambia hata mumewe. Mimi wa kwanza. Nilifurahi kuwa wa kwanza — Mungu anisamehe.

Jumanne, 19 Machi
Benchi la hospitali. Leo zamu yake, yangu keshokutwa. Wamemwambia avue vyote vya chuma. Kanipa saa.
"Nishikie. Usiivae, utaizoea."
Tukacheka. Miaka tisa naimezea mate saa hii.
Nesi alisema nusu saa. Sasa imepita saa nzima na dakika kumi. Daktari wa pili kaingia, hakunitazama. Nimeitia mfukoni, nimeitoa tena. Siitaki. Atoke aichukue.