Siku Kumi na Nne za Musanda

Jumatatu, 16 Agosti 1999

Tawi la Ekero wamepokea nakala ya rejista ya wakulima wa miwa saa mbili asubuhi, safi! Chekalini pia. Na majina yao mapya yameingia kwangu hapa makao makuu, Kakamega. Musanda tu — bado kimya. Modemu inapiga, haijibiwi. Labda mvua. Chai ya Roda, mpishi wetu, leo ilikuwa na tangawizi, vikombe vitatu!

Jumanne, 17 Agosti

Skrini inasema usajili wa Musanda umekwisha muda. Tawi likikaa siku kumi na nne bila kuwasiliana, mfumo unalikata. Na hizo kumi na nne ziliwekwa na nani? Mimi! Nikajiona fundi.

Dawa ni kulisajili upya, lakini nakala yangu itafuta yote yaliyoandikwa kule. Barua ya Namalwa, karani wao, inasema ameandika wakulima wapya sitini na mmoja. Orodha ya kukata miwa inafungwa Ijumaa. Asiyekuwemo, miwa yake itakaukia shambani. Nimeogopa.

Jumatano, 18 Agosti. Musanda

Nimekuja mwenyewe. Kumbe laini ni nzima! Meneja Masinde yuko matangani Lugari. Kila akisafiri huchomoa waya wa simu na kuufungia kabatini, wafanyakazi wasipige simu zao. Modemu imekaa wiki mbili bila waya! Nilicheka hadi machozi. Namalwa hakucheka. Alisema yeye alikuwa anaonanga taa za modemu zinawaka, akajua majina yanaenda tu.

Waya wa akiba ninao mkobani. Nimelala kwa Namalwa. Obusuma na ingokho, ugali kwa kuku — nimeshiba vibaya.

Alhamisi, 19 Agosti

Diski ya kompyuta imejaa pomoni, kwa hiyo tumenakili majina kwenye disketi. Ya kwanza imekataa kusomeka. Ya pili imekubali: yote sitini na moja. Sina ya tatu.

Nimemwambia Namalwa ukweli, kwamba kosa la siku kumi na nne ni langu. Amechomeka waya wangu, akasema: "Haya, dada. Lakini hizo shamba zote nilitembea na miguu yangu. Wacha nifinye hiyo ya kusajili upya mwenyewe."

Amefinya. Naandika tukingoja. Modemu inalia vizuri — raha! Majina yake yametoweka, ya Kakamega yanashuka.

Yamekwisha kushuka. Sasa disketi, nakala pekee iliyobaki, tuyarudishe majina yake. Nimenyoosha mkono. Ameikumbatia kifuani, ananitazama, hajanipa.