Niliuze Gari Wanaloliita la Mumiani?

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako kabla mambo hayajaniharibikia kabisa, na naomba pia usilichape jina langu. Majina ya watu wengine humu nimekwisha yabadili. Mimi ni kijana niliyesoma shule ya misheni hadi darasa la kumi, nina mke, tumwite Bibiana, na mtoto mmoja, na wa pili yuko njiani. Nilikuwa karani wa mahudhurio katika mgodi wa madini ya risasi hapa Mpanda, na Mzungu mmoja mpima ardhi alipokuwa akirudi kwao aliniuzia gari lake dogo la kijivu lenye boksi nyuma, nami nikalinunua, nakiri, kwa fahari kuliko kwa haja, kwa maana petroli ni ghali na masika njia zote huwa matope, hivyo siku nyingi limekaa tu ubavuni mwa nyumba, nimelifunika turubai.

Mwanzo wa kiangazi mgodi ulipunguza watu, nami nikawamo. Sikumwambia mtu ila mke wangu. Hapa mtaani kwetu Shanwe wananiita Bwana Karani, wazee wananipisha kwenye benchi, na baba yangu huko Kibaoni huwaambia watu sokoni kwamba mwanawe ndiye anayeandika majina ya watu mgodini. Basi nikaona aibu, nikawa kila asubuhi navaa shati jeupe na kutoka kama kawaida, nakwenda kukaa kwenye miti ng'ambo ya reli mpaka saa za kurudi. Chakula tulikipata kwa mama yangu huko huko Kibaoni, mkulima wa mpunga, niliyemdanganya kwamba mchele wa dukani umenichosha, nami sikuweza kwenda kukichukua siku za kazi kwa sababu ningeulizwa mbona siko mgodini, kwa hiyo nikawa natoka Jumapili watu wakiwa misani na kurudi jioni, magunia yamefunikwa. Sikumpakia mtu yeyote, maana ukimpakia mmoja leo kesho watakuja kumi, na petroli yangu ilikuwa ya kubana.

Ndipo jirani yetu Evodi, mrina asali, alipokwenda kwenye mizinga yake upande wa njia hiyo hiyo ya Kibaoni, na hakurudi. Ndugu zake walimtafuta wakaona shoka lake na kamba yake ya kupandia, basi. Mimi nadhani ni simba, maana wapo, lakini watu hawakusema simba. Walisema ni mumiani, wale wanaosadikiwa kukamata watu na kuwatoa damu ikauzwe, na kwamba mumiani hana budi kuwa na gari, na gari hapa kwetu ni la nani kama si la yule asiyeonekana misani, anayetoka peke yake na kurudi na kitu kimefunikwa. Wengine wamekwisha kujua kwamba mgodini sipo tena, kwa kuwa waliobaki kazini hawanioni, nao wanaulizana: hana kazi, anakula nini?

Juzi mke wangu alikuwa kisimani na Getrude, dada yake Evodi, akamwambia mbele ya wanawake wote, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, mchele wenu mweupe sana. Mnauosha kwa kitu gani?" Bibiana alirudi na ndoo tupu, na tangu siku hiyo anachota maji mbali, kwenye kijito, na tumbo lile. Nikipita, wenye watoto huwaita ndani.

Kisha rafiki yangu Cleophas, tuliyefanya naye kazi, akanijia na habari aliyoisikia kilabuni kwenye pombe. Ndugu za Evodi wamekata gogo na kulilaza majanini kando ya njia ya Kibaoni, na siku gari la kijivu litakapopita watalisukuma njiani. Nilimwuliza, wakilisimamisha watafanya nini? Akaniambia, "Wewe umesoma kuliko mimi, bwana. Fikiri."

Sasa yupo mnunuzi. Ni Othmani, mchuuzi wa dagaa kutoka Karema, mtu wa ziwani, mcheshi, hajui lolote. Alilizunguka gari, akagonga boksi, akasema, "Bwana Karani, umemlaza huyu kama mgonjwa. Nipe mimi, nimwamshe." Anataka kupeleka dagaa Kibaoni na kurudi na mchele, njia hiyo hiyo, gari hilo hilo. Atarudi mwisho wa mwezi na fedha yake mkononi.

Nikimwambia, hatanunua, na fedha hiyo ndiyo ingetutoa hapa kwa treni kabla mke wangu hajajifungua. Nisipomwambia, labda wataona sura ngeni na kumwacha apite. Hivyo ndivyo ninavyojiambia kila siku, na kila siku naona nasema uwongo. Mshauri, niliuze na kunyamaza, au nifanyeje?

Karani mwenye hofu,
Mpanda


Bwana Karani,

Jibu hili nimelitia posta mara nilipoisoma barua yako. Wasomaji wetu wataliona baadaye.

Pole kwa kazi, na pole zaidi kwa mkeo. Kupunguzwa si wizi, kijana wangu. Wamepunguzwa wanaume wengi waliokuzidi umri, wakashika jembe mchana kweupe, na hakuna aliyewacheka zaidi ya juma moja. Wewe uliona afadhali ukae vichakani umevaa shati jeupe, na huku jirani wanaona moshi jikoni kwako wasijue unatoka wapi. Ukiwaficha watu habari yako, wataitunga wenyewe, nao hawataitunga kwa huruma. Sisemi wana haki. Nasema wamempoteza ndugu na hawana hata kaburi la kulilia, na mtu wa namna hiyo hutafuta wa kumshika.

Lakini hukuniuliza juu yao. Umeniuliza juu ya Othmani, na hapo sina maneno matamu. Gogo halichagui dereva. Wanangoja gari, hawangoji sura. Ukimwuzia na kunyamaza, wakamwua, siku hiyo utakuwa mumiani wa kweli: mtu amemwagika damu, nawe umekula fedha yake. Hakuna treni itakayokupeleka mbali na jambo hilo.

Sasa sikiliza. Gari lisitoke hata hatua moja. Litoe turubai, fungua milango na boksi, liache hivyo kutwa, atakaye achungulie. Mkeo na mtoto wapeleke kwa masista wa misheni leo, si kesho. Usikimbilie polisi kwanza. Gari la serikali likisimama mlangoni kwako watasema limekuja kuchukua mzigo. Nenda na Cleophas kwa padre, kisha padre na wewe mwende kwa jumbe, na jumbe awaite ndugu za Evodi pamoja na Getrude. Mbele yao sema wazi: kazi sina tangu mwanzo wa kiangazi, niliona haya, Jumapili nilikuwa nachukua mchele kwa mama yangu. Mama yako apelekewe habari aje aseme mwenyewe. Watakutukana. Nyamaza. Watakapomaliza, waombe mwende pamoja, jumbe na watu wake wakiwapo, mkamtafute tena ndugu yao, na wewe uende kwa miguu kama wao.

Habari ya kuuza: uza, maana tangu mwanzo gari hilo halikuwa na kazi kwako ila kutazamwa. Lakini usiliuze zima. Mwite fundi wa gereji hapo mjini alifungue mchana mbele ya watu, mtu achukue magurudumu, mwingine injini, mwingine bati za boksi. Likiisha hivyo hakuna awezaye kusema limekwenda kufanya kazi yake pengine. Utapata kidogo. Kipokee hicho kidogo, upande treni ukitaka, au urudi Kibaoni ukalime mpunga na mama yako.

Siwezi kukuahidi kwamba wataamini. Wengine hawataamini mpaka wafe, na huenda ukahama hapo ukiwa umesema kweli yote. Lakini Othmani hana kosa lolote ila kulipenda gari lako. Mwandikie leo, kabla hajaondoka nyumbani kwake.