Maji Yaliyonyamaza

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu tele. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila tumbo limekuwa kubwa hadi viatu navaa kwa kubahatisha. Jibu lako nililipata, kwamba nikijifungua hutakuja kumwogesha mtoto kwa kuwa mikono yako ina nuksi. Dada, nililia hadi nikashikwa na kwikwi.

Uliniuliza kazini nafanya nini siku hizi. Utacheka: nadondoshea mabati maji! Karakana yetu inatengeneza majokofu, na yapo mabati yenye vipele vidogo mno, ukipitisha kidole unahisi ulimi wa paka. Tone likitua juu yake halilowanishi. Linajikunja duara, linabiringika, linaanguka kabla baridi haijaliwahi. Kwenye bati laini tone hujilaza na kuganda hapo hapo. Nakaa kwenye kidirisha cha chumba cha baridi nikiyatazama hadi chai yangu inapoa, na mtoto naye hutulia tumboni, utadhani anatazama.

Juzi Fundi Miwani, msimamizi wetu, alisema mikwaruzo ina kazi yake hata motoni. Akabandika mabirika mawili ya kioo, moja kuukuu lenye mikwaruzo kitakoni, jingine jipya kabisa. Katika lile kuukuu viputo vilipanda kutoka kwenye mikwaruzo, maji yakachemka kwa adabu. Katika jipya yalinyamaza tuli, mazuri, nikatamani kuyagusa. Fundi akaniambia nisogee mbali, kwamba yameshapita joto la kuchemka ila hayajapata pa kuanzia. Akachukua kijiko kirefu, akatia sukari kidogo. Lo! Maji yaliruka yakamwagika mezani kote.

Nilikaa chini sakafuni. Wenzangu wakadhani uchungu umeanza.

Dada, acha niseme la moyoni. Wiki ile ulipoungua mkono, nilikuwa nimevunja birika kuukuu la kioo la Mama. Nikanunua jingine jipya linalofanana nalo, nikaliweka jikoni, nikafunga mdomo. Wewe ukatia sukari kama ulivyotia siku zote, maji yakakurukia. Mama akafoka kwamba una mikono ya ovyo, nami nimesimama mlangoni, nasikiliza. Sikujua kama ni birika lililokuunguza, wallahi. Nilichojua ni kwamba nimeficha kitu, nikaogopa kuulizwa. Miaka minane umeichukia mikono yako, na haikukosa lolote. Nisamehe. Ukishindwa, basi njoo unigombeze hapa hapa.

Jana nimemwambia Mama kwa simu. Aliniagiza nirudie yote tangu mwanzo. Kisha akasema nikuandikie upesi, na kwamba mtoto akizaliwa yeye hatamgusa mpaka kwanza umshike wewe, mama yake mkubwa.

Msalimie sana shemeji. Beseni nimeshanunua, lipo nyuma ya mlango, linakungoja.

Mimi mdogo wako, ambaye uliniita Kasuku kwa maneno mengi, na siku ile moja nikakosa hata neno,

Kasuku