Nani Aifungue Barua ya Siri

Renatha, bodaboda inanipigia honi, nakwenda Buganguzi kwa mzee mwenzangu Kagaruki. Bibi yako ameshamenya ndizi, wewe bandika tu.

Asubuhi nilikuuliza swali la usaili wa ukarani: barua ya siri ikifika masijala ya ofisi, nani aifungue? Ukajibu, “Mkubwa.” Nikacheka, maana ndivyo tulivyokuzoeza hapa nyumbani, hata barua zako nafungua mimi. Kumbe karani huipeleka kwa mwenyewe ikiwa imefungwa! Ukanuna: “Basi siendi, Babu!”

~~Shauri yako.~~ Nenda, mjukuu wangu. Na je, huyo karani hatamani kuchungulia? Ukiipata kazi utaniambia.

Bibi yuko kwenye sala ya jumuiya. Baba yako yuko shambani, kwenye kahawa. Mimi nitarudi Jumapili. Wewe kesho asubuhi uko Bukoba, kwenye usaili.

Babu