Majina Niliyodhani Nimeyapoteza

Mpendwa mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kibomet sote tu wazima. Babu yako amemaliza kuvuna mahindi, na shangazi yako wa Bungoma anakusalimu sana.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nililia maktabani. Si kwa huzuni, mama.

Nilipokuwa msichana, kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa na wimbo wa kutaja akina mama wa ukoo wetu mmoja mmoja. Siku moja aliniita, "Keti ujifunze." Nikamjibu, "Kesho, kukhu. Leo tuna mazoezi ya kwaya." Hakunigombeza. Wiki hiyo aliugua, akapoteza sauti, isirudi tena. Nikabaki na majina matatu tu, na aibu ambayo sikumwambia hata babu yako.

Mwezi uliopita maktaba ya Kitale ilituita wazee turekodiwe. Niliimba yale matatu, nikakomea hapo. Bwana anayerekodi akasema, "Ngoja kwanza, mama. Kuna mama wa Lwakhakha ameimba kama hivi." Akaniwekea nisikilize.

Nekesa, wimbo ulikuwa mzima! Yule mama ni mjukuu wa dada yake kukhu. Miaka yote hii nilidhani nimeuzika mimi, kumbe kulikuwa na mtoto mwingine aliyeketi akasikiliza.

Nikaomba nirudie. Safari hii niliimba nikifuata sauti yake hadi mwisho, kisha nikaongeza jina ambalo kukhu hakuwahi kuliimba, jina lake mwenyewe: Nasimiyu.

Ni mimi nyanya yako, mwenye moyo mwepesi,
Nafula