Chai ya Afande

Mama Ciku,

Wale waliodhani tumekuzika pamoja na kazi yako wamenoa. Hoteli yetu bado iko hapa Majengo, chai yangu bado ndiyo bora kutoka hapa hadi Kagio, na wewe hauko wa kunikatiza nisijisifu zaidi. Hilo nalisikia kila asubuhi. Basi.

Niko na mtu mpya kutoka jela, anaitwa Gathogo. Ulimwahidi kazi mlipomtembelea na akina mama wa kanisa. Alipotoka, akakuta umeshatuacha. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mpaka nikamwambia ingia. Unakumbuka wote huwa hivyo, wanangoja ruhusa hata ya kwenda choo. Chapati zake, Mama Ciku, zinakaribia zangu. Nimesema zinakaribia.

Wiki iliyopita akaingia askari jela na sare yake, akaita kwa sauti ya kule kwao, "Wewe." Gathogo akachuchumaa papo hapo kati ya meza, kama wanavyolazimishwa jela, trei ya vikombe mkononi, macho chini. Mimi niliyebishana na polisi wa mpakani hadi Kampala, nikajificha nyuma ya birika. Kisha watu wakaanza kunong'ona, na mteja mmoja akaacha chai yake akaenda.

Gathogo akarudi jikoni, akavua aproni. "Mzee, nitakufukuzia wateja. Wacha niende."

Wewe ungeomba naye. Mimi niliziba mlango kwa hili tumbo ulilokuwa ukilicheka. Nikamwambia wateja wakienda watarudi, chapati kama hizi watazipata wapi. "Na huyo askari pia atarudi, na akirudi, utamhudumia wewe, si mimi."

Amerudi leo. Nilikuwa kaunta nikijifanya napanga sukari. Niliona magoti ya Gathogo yakianza kukunjika. Akashika meza. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo tuliisikia wote, "Keti, afande. Chai inakuja."

Na afande akaketi.

Nikakimbilia jikoni, moshi ukaniuma macho. Najua tunapikia gesi, usinikumbushe.

Jumapili naenda jela mahali pako, mwanamume pekee kati ya akina mama wa kanisa. Yeyote anayekaribia kutoka nitamwelekeza hoteli ilipo. Nitaongea sana, unanijua. Na nitaendelea kwenda.

Pumzika, mpenzi wangu.

Baba Ciku