Mama Mannubia na Nyumba ya Harisa

Umetimia mwaka mmoja sasa, mama yetu mpenzi, tangu ulipotuaga asubuhi ile ya Ijumaa, mikono yako bado ikinukia kisibiti.

Uliingia nyumba hii ya Nabeul, Tunisia, ukiwa bibi harusi. Baba yetu, marehemu Hamda, alikuwa na punda na kinu. Wewe ulikuwa na mkono wa kupika. Harisa, ile rojo ya pilipili uliyoitwanga hapa uani, ndiyo iliyozaa kiwanda, na makopo yetu yakafika hadi ng'ambo. Watu walipokushauri ujenge jumba ufukweni, ulisema, "Huko nitaanika wapi pilipili zangu, juu ya mawimbi?"

Ulionja kila kitu kwa kidole cha mwisho. Wafanyakazi wote uliwaita "mwanangu", hata wenye mvi. Ulikuwa ukikoroma, na ukiambiwa ulikana kabisa.

Nusu ya nyumba ilikuwa ya mdogo wake baba, ami yetu Farhat, kwani waliirithi pamoja kwa wazazi wao. Baba alipofariki, wewe ulitaka nyumba iandikishwe kuwa urithi wa mji, isibomolewe kamwe. Ami alitaka kumuuzia tajiri wa Tunis aivunje, ajenge ghorofa. Bila sahihi ya ami hukuweza kufanya lolote. Mkawa mnasalimiana kwa shingo upande.

Kisha ami akakosea. Akamleta mnunuzi katika siku za kuweka akiba ya chakula cha mwaka, kamba za pilipili zimefunika ukuta mzima, wanawake wa mtaa wamejaa uani. Na siku hizo, yeyote avukaye kizingiti hufanya kazi kwanza.

"Karibuni," ukasema. "Kaeni mtoe vikonyo."

"Shemeji, tumekuja kupima nyumba."

"Pilipili kwanza. Nyumba haina miguu, haitakimbia."

Akakaa na suti yake, mnunuzi naye akakaa. Sinia lake la pilipili halijafika hata nusu, ami akajisahau, akajifuta jasho usoni kwa vidole vile vile. Lo, ukelele alioutoa!

"Jamani njooni muone!" akaangua kicheko jirani yetu Bashira. "Mtoto wa nyumba ya harisa anapikicha macho siku ya pilipili! Mbuzi wangu ana akili zaidi."

"Nyamaza, Bashira, nakufa!"

"Hufi wewe. Ukifa, nyumba atauza nani?"

Wewe hukucheka. Ulimlaza kichwa mapajani pako, ukamwosha jicho kwa maziwa baridi, kama ulivyomwosha alipokuwa mtoto yatima, wewe bibi harusi ukageuka mama yake.

"Tulia, Farruha," ukamwambia. Jina hilo hakuna aliyemwita tangu aote ndevu.

Akatulia. Jicho lililoingia pilipili likapoa. Lile zima ndilo likaanza kutoa machozi.

Mnunuzi akauliza, "Bwana Farhat, tuendelee kupima?"

"Upime nini?" ami akajibu, kichwa bado mapajani pako. "Hapa ndipo nilipolelewa. Maliza sinia lako, ule ushibe, urudi kwenu."

Vigelegele vya siku ile vilisikika hadi sokoni. Juma lile lile ami akatia sahihi, na mji ukaipokea nyumba yako.

Mama, nyumba imesimama. Watoto wa shule huja kukiona kinu chako, na huwa tunawakataza kukigusa, nao hukigusa. Wiki hii tulianza kuweka akiba kwa mara ya kwanza bila wewe. Tulihofu ua utakuwa mtupu. Wapi! Tulikosa pa kukanyaga. Walikuja wanawake wa mitaa tusiyoijua, na wafanyakazi wako wakiwa na wake zao. Ami Farhat, na magoti yake yale, akapanda ngazi kutundika kamba ya kwanza. Tukampigia kelele ashuke, ataanguka.

"Niacheni!" akatujibu kutoka juu, ana kamba ya pilipili shingoni. "Mtu anazuiwaje kupamba kwa mama yake?"

Tunaokukumbuka kwa fahari ni binti zako Shedlia na Wasila, wakwe na wajukuu zako, shemeji yako Farhat uliyemlea, jirani yako Bashira, na wafanyakazi wote wa kiwanda.

Umeshinda, mama. Kukusahau hatutaweza, leo wala milele.